Bangi ya tiba Marekani: Kura zinavyosakwa, zinavyopatikana na zinavyopotea

KATIKA uchaguzi wa Novemba 4, 2014, wapiga kura zaidi ya milioni 3.3 wa jimbo la Florida, nchini Marekani, walikubali kwamba mgonjwa mwenye cheti cha daktari aruhusiwe kutumia bangi kama dawa. Waliokataa hawakufika milioni 2.5. Siku hiyo hiyo, Gavana Rick Scott alirejea madarakani kwa kura zipatazo milioni 2.8. Gavana akaapishwa, bangi ikashindwa.

Msomaji asiye mzoefu wa siasa za majimbo ya Marekani atadhani kuna kosa la uchapaji hapo. Hakuna. Katiba ya Florida inataka rekebisho lolote la Katiba liungwe mkono na asilimia 60 ya wapiga kura, na pendekezo la bangi ya tiba lilipata asilimia 57.6. Lenye kuchekesha, kama si kuudhi, ni kwamba sharti lenyewe la asilimia 60 liliingizwa katika Katiba hiyo mwaka 2006 kwa asilimia 57.8 ya kura. Kwa kipimo chake lenyewe, lisingepita.

Kwa wagonjwa wa saratani, kifafa na UKIMWI waliokuwa wakisubiri matokeo yale, tofauti ya asilimia mbili na ushei ilimaanisha miaka miwili zaidi ya kununua bangi kwa kificho, au kuhama jimbo, au kuvumilia. Kwa waendesha kampeni, ilikuwa somo la namna kura za aina hii zinavyosakwa, na namna zinavyoponyoka hata pale ambapo wananchi walio wengi wamekwisha kukubali.

Kwanza ni vyema kueleza utaratibu wenyewe. Karibu nusu ya majimbo 50 ya Marekani yanawaruhusu wananchi kutunga sheria, au kurekebisha Katiba ya jimbo, bila kupitia bungeni. Kikundi cha watu huandika maneno ya sheria wanayoitaka, hukusanya saini za wapiga kura kwa idadi iliyowekwa, na saini hizo zikithibitishwa, swali huchapishwa katika karatasi ya kura siku ya uchaguzi mkuu. Jirani zetu wa Kenya wanacho kitu kinachofanana na hicho katika Ibara ya 257 ya Katiba yao ya mwaka 2010, inayodai saini milioni moja. Lakini kule muswada hulazimika kupita kwanza katika mabunge ya kaunti na Bunge la taifa. Kwa upande wa Tanzania, Katiba ya mwaka 1977 haina njia ya namna hiyo, na bangi yenyewe imebaki kuwa haramu chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015.

Kwa nini basi suala la tiba lipelekwe kwa wapiga kura badala ya kuachiwa madaktari na wabunge? Jibu liko California. Mwaka 1994, na tena mwaka 1995, Bunge la jimbo hilo lilipitisha miswada ya kuruhusu bangi kwa wagonjwa, na mara zote mbili Gavana Pete Wilson akakataa kuitia saini. Hakuna mwanasiasa wa miaka ile aliyetaka kusimama katika uchaguzi ujao akiitwa rafiki wa wavuta bangi. Mlango wa bungeni ulipofungwa, watetezi waligeukia mlango wa wananchi.

Chimbuko hasa lilikuwa jiji la San Francisco, lililokuwa limeelemewa na UKIMWI. Dawa za kufubaza virusi zilizopo leo hazikuwapo. Wagonjwa walikonda, walishindwa kula, walitapika hata maji. Wengi wao walisema kuwa bangi iliwarudishia hamu ya chakula. Mmoja wa watetezi wao alikuwa Dennis Peron, muuzaji bangi wa siku nyingi, ambaye mwenzi wake alifariki kwa ugonjwa huo mwaka 1990. Mwaka 1991 Peron aliongoza kura ya jiji iliyotaka bangi itambuliwe kama dawa, na karibu asilimia 80 ya wapiga kura wa San Francisco wakakubali. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya sheria, lakini ilionyesha njia. Baadaye akafungua klabu ambako wagonjwa walinunua bangi mchana kweupe, huku polisi wa jiji wakiangalia pembeni.

Mwaka 1996 watetezi hao walipeleka swali kwa jimbo zima kwa jina la Pendekezo la 215. Hapo ndipo kampeni ya kitaalamu ilipozaliwa. Bilionea George Soros, mfanyabiashara wa bima Peter Lewis na mwenye maduka ya suti George Zimmer walitoa fedha. Msimamizi wa kampeni, Bill Zimmerman, alifahamu kuwa mtu kama Peron, asiyeficha mapenzi yake kwa bangi, angewatisha wapiga kura wa vitongojini. Katika televisheni, kwa hiyo, hakuonekana kijana mwenye nywele ndefu akipuliza moshi. Alionekana nesi mwenye umri mkubwa aliyefiwa na mumewe kwa saratani. Walionekana madaktari. Neno lililorudiwa lilikuwa huruma.

Upande wa pili ulijichimbia shimo wenyewe. Agosti 1996, Mwanasheria Mkuu wa California, Dan Lungren, aliamuru maofisa wake waivamie klabu ya Peron na kuifunga. Alitarajia kuwaonyesha wananchi kuwa "tiba" ilikuwa kisingizio tu. Badala yake mchora katuni Garry Trudeau aliligeuza tukio hilo kuwa kichekesho katika mfululizo wake wa katuni wa Doonesbury, uliochapishwa katika magazeti ya nchi nzima, na Lungren akajikuta akijibizana na wahusika wa kuchorwa. Novemba 5, 1996, Pendekezo la 215 lilipita kwa asilimia 55.6, na California ikawa jimbo la kwanza kuhalalisha bangi ya tiba kwa namna hii.

Siku hiyo hiyo wapiga kura wa Arizona nao walipitisha pendekezo lao, tena kwa asilimia 65. Lakini California ndiyo iliyobaki na sheria inayofanya kazi, na tofauti ilikuwa katika kitenzi kimoja. Sheria ya Arizona ilitaka daktari amwandikie mgonjwa dawa. Ile ya California ilitaka daktari ampendekezee tu. Kwa mtu wa kawaida maneno hayo yanakaribiana. Mbele ya serikali ya shirikisho yana umbali wa mbingu na ardhi, kwani sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 imeiweka bangi katika kundi la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku, na daktari anayeandika dawa ya kundi hilo anahatarisha leseni yake. Kupendekeza, kwa upande mwingine, ni kusema, na kusema kunalindwa na Katiba ya Marekani. Serikali ya Rais Bill Clinton ilijaribu kuwatisha madaktari waliopendekeza bangi. Madaktari na wagonjwa wakaenda mahakamani, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawapa haki. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa kulisikiliza shauri hilo, na uamuzi ukabaki. Tangu wakati huo, waandishi wa mapendekezo ya bangi ya tiba wamekwepa kitenzi "kuandika" kama mtu anavyokwepa kaa la moto.

Arizona ilirudi tena kwa wapiga kura na safari hii ikawa kwa tabu. Usiku wa uchaguzi wa mwaka 2010, pendekezo jipya lilikuwa nyuma. Kura ziliendelea kuhesabiwa kwa siku kadhaa, na mwishowe likapita kwa tofauti ya kura 4,340 kati ya takriban milioni 1.7. Anayedhani kuwa kura moja haina uzito akawaulize wagonjwa wa Phoenix.

Kabla ya kufika siku ya kura, hata hivyo, kuna kazi ngumu ambayo haionyeshwi katika televisheni, nayo ni ukusanyaji wa saini. Florida ya mwaka 2014 ilihitaji saini halali 683,149, na tena zisitoke upande mmoja tu wa jimbo. Wakusanyaji husimama nje ya maduka makubwa, ofisi za posta, vyuo na viwanja vya michezo, wakiwa na kalamu na ubao, juani, wakimwuliza kila apitaye kama ni mpiga kura aliyeandikishwa. Baadhi ni wajitoleaji, mara nyingi wagonjwa wenyewe au wazazi wa watoto wenye kifafa. Wengi huwa ni vibarua wa kampuni zinazofanya biashara hiyo.

Saini nyingi hufa ofisini. Mtu ametia saini lakini hakuandikishwa kupiga kura. Ameandikishwa katika wilaya nyingine. Amehama. Ametia saini mara mbili kwa kusahau. Mwandiko wake haufanani na ule ulio katika daftari. Kwa sababu hiyo kampeni yenye busara hukusanya ziada kubwa kuliko inavyodaiwa na sheria, na ziada hiyo ina gharama. Huko Florida gharama ilibebwa kwa sehemu kubwa na mwanasheria tajiri wa Orlando, John Morgan, anayejulikana kwa mabango yake ya matangazo barabarani. Morgan alieleza sababu zake waziwazi: marehemu baba yake alipata nafuu kwa bangi alipokuwa akiugua saratani, na ndugu yake alipooza tangu ujanani kwa ajali ya majini na huitumia kutuliza maumivu na mikakamao ya misuli.

Wapinzani nao wamejifunza kupigana katika hatua hii ya saini. Jimboni Utah, mwaka 2018, baada ya saini kuwasilishwa, watu walitumwa nyumba kwa nyumba kuwashawishi waliotia saini waziondoe. Hawakufanikiwa, lakini walitia hofu. Florida yenyewe imeendelea kukaza kamba: mwaka 2019 Bunge la jimbo lilipiga marufuku kuwalipa wakusanyaji kwa idadi ya saini, na mwaka 2025 likapitisha sheria nyingine yenye adhabu na masharti makali zaidi, likiwamo la kumtaka hata mjitoleaji ajiandikishe serikalini akishavuka saini 25 za watu wasio wa familia yake. Serikali ya jimbo inasema inazuia ughushi. Mwenye macho anaweza kuona pia kuwa kila sharti jipya linaiweka kalamu mbali zaidi na mwananchi asiye na fedha.

Ukimaliza saini kuna mahakama. Florida hutaka Mahakama ya Juu ya jimbo ihakikishe kuwa muhtasari utakaochapishwa katika karatasi ya kura haumpotoshi msomaji. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Pam Bondi, aliwaambia majaji kuwa muhtasari wa mwaka 2014 ulikuwa wa hila. Januari 27, 2014 majaji wanne waliuruhusu dhidi ya watatu. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Nebraska, mwaka 2020, watetezi walikwisha kukusanya saini za kutosha, lakini mwezi Septemba Mahakama ya Juu ya jimbo ikaliondoa swali lao kwa hoja kwamba lilichanganya mambo mengi katika pendekezo moja. Arkansas, mwaka 2016, yalikuwapo mapendekezo mawili ya bangi ya tiba yaliyokuwa yakishindana. Moja lilifutwa na mahakama siku chache kabla ya uchaguzi, wakati watu waliopiga kura mapema walikwisha kutumbukiza karatasi zao. Lililobaki lilipita.

Turudi Florida, maana hapo ndipo sanaa ya kampeni inapoonekana vizuri. Julai 2014, Chuo Kikuu cha Quinnipiac kilitangaza matokeo ya kura ya maoni: asilimia 88 ya wapiga kura wa Florida waliunga mkono bangi ya tiba. Novemba walifika asilimia 57.6. Asilimia 30 zilikwenda wapi?

Jibu ni kwamba kuna kuunga mkono jambo na kuna kuunga mkono maneno yaliyoandikwa. Wapinzani hawakupoteza muda kubishana na mgonjwa wa saratani. Wangeonekana hawana utu. Walibishana na maandishi. Walikuwa na fedha: mmiliki wa kasino za Las Vegas, Sheldon Adelson, alitoa dola milioni 5.5, na pamoja naye alikuwapo Mel Sembler, tajiri wa Florida aliyewahi kuwa balozi, ambaye kwa miongo kadhaa alikuwa adui wa dawa za kulevya. Masherifu wa jimbo na chama cha madaktari cha Florida walikuwa upande huo. Matangazo yao yalisema pendekezo halikumtaka mtoto apate idhini ya mzazi. Yalisema "mlezi" wa mgonjwa angeweza kuwa muuza unga aliyetoka gerezani. Yalisema ugonjwa wowote, hata maumivu ya mgongo, ungetosha kupata cheti. Baadhi ya madai yalikuwa ya kutia chumvi, lakini maandishi yenyewe yaliacha nyufa za kutosha kwa chumvi hiyo kupenya.

Morgan naye aliwapa silaha. Wiki chache kabla ya uchaguzi alipigwa picha za video usiku ndani ya baa, glasi mkononi, akiwahimiza vijana wapige kura kwa lugha isiyofaa kurudiwa katika gazeti hili. Wapinzani hawakuhitaji mwandishi wa matangazo tena. Aidha, ulikuwa mwaka usio na uchaguzi wa rais, na katika miaka kama hiyo vijana wa Marekani hukaa nyumbani, wazee huenda kupiga kura.

Lililofuata ndilo linalowatofautisha waendesha kampeni wa kweli na wapiga kelele. Baada ya kushindwa, kikundi cha Morgan kilichukua matangazo ya wapinzani na kuyatumia kama orodha ya masahihisho. Pendekezo la mwaka 2016 lilitaka idhini ya mzazi kwa mtoto. Liliweka masharti kwa walezi. Lilitaja magonjwa kwa majina: saratani, kifafa, presha ya macho, UKIMWI, ugonjwa wa Parkinson na mengineyo ya uzito huo. Saini zikakusanywa upya kuanzia sifuri, na kura ikapangwa siku ya uchaguzi wa rais. Adelson alitoa tena, safari hii dola milioni 1.5. Pendekezo lilipita kwa asilimia 71.3, katika uchaguzi ule ule ambao Donald Trump alishinda Florida. Maana yake ni kwamba kwa wengi bangi ya tiba haikuwa tena suala la chama.

South Dakota inatoa ushahidi wa namna hiyo kwa njia ndefu zaidi. Huko wapiga kura walikataa mwaka 2006 kwa tofauti ndogo, wakakataa mwaka 2010 kwa tofauti kubwa, kisha mwaka 2020 wakakubali kwa asilimia 70. Jimbo ni la kihafidhina leo kama lilivyokuwa wakati ule.

Je, sayansi inasema nini? Mwaka 2017, Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti nyingi na kuona ushahidi wa kutosha kwamba bangi au viini vyake husaidia katika mambo machache: maumivu sugu ya watu wazima, kichefuchefu kinacholetwa na dawa kali za saratani, na mikakamao ya misuli inayosemwa na wagonjwa wa ugonjwa unaoharibu mishipa ya fahamu, uitwao multiple sclerosis. Kwa magonjwa mengine mengi yaliyotajwa katika sheria za majimbo, ushahidi ulikuwa hafifu au haukuwapo. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya shirikisho iliidhinisha dawa ya kifafa kali cha watoto, Epidiolex, iliyotengenezwa kwa kiini cha bangi kisicholevya. Wapinzani husema kuwa hiyo ndiyo njia sahihi ya kupata dawa, yaani maabara na majaribio, si sanduku la kura. Hoja hiyo ina uzito. Udhaifu wake ni kwamba serikali ile ile iliyodai majaribio ndiyo iliyofanya utafiti wa bangi uwe mgumu kwa miongo kadhaa, kwa kuiacha katika kundi la kwanza. Pendekezo la Wizara ya Sheria la kuihamishia kundi la tatu lilikuja mwaka 2024.

Wapinzani walikuwa sahihi pia katika jambo jingine, na watetezi hawapendi kulikumbushwa: bangi ya tiba mara nyingi ilifungua mlango wa bangi ya starehe. Colorado iliruhusu tiba mwaka 2000 na starehe mwaka 2012; California tiba mwaka 1996 na starehe mwaka 2016. Oklahoma, iliyopitisha bangi ya tiba Juni 2018 bila kutaja orodha ya magonjwa, ilijikuta na maduka zaidi ya 2,000 ya bangi katika jimbo la watu milioni nne. Wapiga kura wake walipoulizwa Machi 2023 kama wanataka na bangi ya starehe, zaidi ya asilimia 60 walisema hapana. Walikwisha kuona ya kutosha.

Fedha nazo zimebadilika sura. Kampeni ya California ilitegemea matajiri wachache wenye imani yao. Florida ilipopiga kura ya bangi ya starehe mwaka 2024, zaidi ya dola milioni 100 zilitolewa na kampuni moja, Trulieve, ambayo huuza bangi ya tiba na ilitarajia kuuza zaidi. Pendekezo lilipata karibu asilimia 56, likaangushwa na kizingiti kile kile cha 60.

Hata kura ikishinda, mapambano hayaishi. Baada ya ushindi wa 2016, Bunge la Florida lilipitisha sheria mwaka 2017 iliyoruhusu mafuta na vidonge lakini ikakataza kuvuta. Morgan alikwenda mahakamani, Jaji Karen Gievers akasema katazo hilo ni kinyume cha Katiba, na mwishowe Gavana Ron DeSantis, mara baada ya kuingia madarakani, akawataka wabunge walifute. Alitia saini Machi 2019. Utah ilikuwa na mkasa wake: pendekezo lililopingwa na Kanisa la Wamormoni, lenye waumini wengi jimboni humo, lilipita Novemba 2018 kwa karibu asilimia 53, na kabla mwezi haujaisha Bunge likaitishwa kwa kikao maalumu na kuweka sheria nyingine mahali pake, iliyoafikiwa na Kanisa na baadhi ya watetezi. Kisheria Bunge lilikuwa na uwezo huo, kwa kuwa pendekezo lilikuwa sheria ya kawaida, si rekebisho la Katiba. Ndiyo maana watetezi wa majimbo mengine hupendelea kuipeleka bangi katika Katiba, ingawa ni njia ndefu na ghali zaidi.

Na juu ya majimbo yote kuna serikali ya shirikisho. Mwaka 2005, katika shauri la Gonzales dhidi ya Raich, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa majaji sita dhidi ya watatu kuwa Washington inaweza kuwakamata hata wagonjwa waliopanda bangi nyumbani kwa ruhusa ya sheria ya California. Tangu mwisho wa 2014 Bunge la shirikisho limekuwa likiizuia Wizara ya Sheria, kupitia bajeti, isitumie fedha kuingilia sheria za bangi ya tiba za majimbo. Ni ulinzi unaotegemea bajeti, si haki iliyoandikwa.

Lakini hakuna jimbo lililolipa gharama ya ajabu kama Mississippi, moja ya majimbo maskini kuliko yote nchini humo. Huko watetezi waliokoteza saini zao, wakafikisha Pendekezo la 65 katika karatasi ya kura ya Novemba 2020. Wabunge, kwa kutolipenda, waliweka pembeni yake pendekezo lao, la 65A, lililobana zaidi, ili kuwagawa wapiga kura. Wapiga kura hawakugawanyika: takriban asilimia 74 ya waliochagua kati ya hayo mawili walichagua la wananchi.

Meya wa mji wa Madison, Mary Hawkins Butler, alikuwa amefungua shauri kabla ya kura. Hoja yake haikuhusu bangi hata kidogo. Katiba ya Mississippi inasema saini zisizidi sehemu moja ya tano kutoka katika wilaya yoyote ya uchaguzi wa Bunge la shirikisho. Kifungu hicho kilipoandikwa, jimbo lilikuwa na wilaya tano. Baada ya sensa ya mwaka 2000 zikabaki nne. Tano ukizidisha kwa moja ya tano unapata kamili. Nne ukizidisha unapata asilimia 80. Kwa hiyo, kwa kuusoma mstari huo kama ulivyo, hakuna pendekezo lolote la wananchi, liwe la bangi au la barabara, ambalo lingeweza kutimiza masharti. Kwa miaka mingi maofisa wa jimbo walikuwa wakitumia mipaka ya zamani ya wilaya tano, na hakuna aliyelalamika.

Mei 14, 2021, Mahakama ya Juu ya Mississippi, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ilikubaliana na meya. Pendekezo la 65 likafutwa miezi sita baada ya kushinda. Pamoja nalo ukafa utaratibu mzima wa saini za wananchi jimboni humo, na kampeni nyingine iliyokuwa imeanza, ya kupanua bima ya afya ya umma kwa watu wa kipato cha chini, ikasimamishwa.

Aibu hiyo iliwasukuma wabunge. Februari 2, 2022, Gavana Tate Reeves alitia saini sheria ya bangi ya tiba iliyotungwa na Bunge, na maduka ya kwanza yakaanza kuwauzia wagonjwa Januari 2023. Kuhusu haki ya wananchi kukusanya saini, miswada ya kuirejesha imewasilishwa mara kadhaa katika Bunge la Mississippi tangu hukumu ile, na hadi kikao cha mwaka 2025 kinafungwa, mabaraza mawili ya Bunge hilo hayakuwa yamekubaliana juu ya idadi ya saini itakayodaiwa wala mambo yatakayoruhusiwa kuulizwa.